Jinsi ya kutengeneza fandabu ya Kihispania: dakika moja, mhusika mmoja, sauti yenye kwao

Msikilize Cucho, yule paka wa rangi ya waridi katika genge la Don Gato. Katuni yenyewe, Top Cat kwa Kiingereza, ni ya Kimarekani, ilianza mwaka 1961 na ikaishia vipindi 30. Ilipofika Mexico kuingizwa sauti za Kihispania, mwigizaji Jorge Arvizu hakuhangaika kumwiga paka wa New York. Alimpa Cucho lafudhi ya Yucatán, ile rasi ya kusini mashariki ambako Kihispania kimekaa karne nyingi na Kimaya, hadi maneno yanakatwa kooni kama mtu anayefunga mlango kidogo kidogo. Mtoto wa Mexico akimsikia Cucho anacheka kabla hata hajaelewa alichosema, kwa sababu mtu wa hivyo anamjua: ni mjomba, ni jirani, ni muuza duka wa pale kona. Arvizu huyohuyo ndiye aliyemchezea Benito Bodoque, paka mfupi mnene, kwa sauti nyembamba ya mtoto. Wamexico waliipenda katuni hiyo kuliko Wamarekani walioitunga, hata mwaka 2011 wakaitengenezea filamu wao wenyewe.

Nimeanza na Cucho kwa sababu yeye ndiye mwalimu wangu katika kazi hii. Wengi wanaoanza kuingiza sauti kwa ushabiki hudhani kazi ni kubadilisha koo: kuikwaruza, kuibana, kuipandisha. Koo linakuja baadaye. Kwanza mhusika awe na kwao.

Mashabiki wa Kihispania huita kazi hii fandub, nasi tuiite fandabu: unachukua kipande cha katuni, filamu au mchezo wa video, unaondoa sauti za awali, unaweka za kwako na za wenzako. Ukibadilisha na maneno yenyewe ili kuchekesha, wao huita redoblaje. Sisi tuna ndugu yake wa karibu. Marehemu Lufufu wa Dar es Salaam alisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, na DJ Afro wa Kenya anafanya hivyo mpaka leo. Mtu mmoja anabeba filamu nzima mgongoni, anatafsiri, anaeleza, anatania. Fandabu inakwenda njia nyingine: kila mdomo unapata sauti yake, na msimulizi anatoweka kabisa.

Mwongozo huu utakutoa mwanzo hadi kwenye dakika moja iliyokamilika kwa Kihispania. Huhitaji kukijua sana. Cha kuombea chakula na kuulizia njia kinatosha kuanzia, ukipata mzungumzaji mmoja wa kukusahihisha. Ukitaka kufanya kwa Kiswahili hatua ni zilezile, isipokuwa ya tatu, ambapo utatafuta Cucho wa kwetu.

Hatua ya 1: Sikiliza wiki nzima kabla ya kufungua mdomo

Usiguse maiki. Tafuta vipande vifupi vya sauti za Amerika ya Kilatini na uvisikilize ukiwa umefumba macho. Nakutajia za kuanzia, na cha kutafuta ndani ya kila moja.

Mario Castañeda ndiye Goku mtu mzima, shujaa wa katuni ya Kijapani Dragon Ball, kwa mabilioni ya saa za kumbukumbu za utotoni, kutoka Mexico hadi Chile. Msikilize anapovuta Kamehameha, jina la pigo lake kuu analolipigia kelele. Kelele ni sehemu ndogo ya kazi ile; kazi kubwa ni pumzi, jinsi anavyoipanga silabi kwa silabi ili abaki na akiba ya "ha" ya mwisho. Kisha msikilize René García akiwa Vegeta, hasimu wa Goku: sauti iko chini, meno yamekaribiana, kila neno kama limeuma kitu. Hispania walifasiri jina la pigo lile wakaliita "onda vital", na mpaka leo mashabiki wa pande mbili za bahari wanatupiana neno hilo mitandaoni. Ukiingia kwenye fandabu za Kihispania utakutana na ugomvi huo siku ya kwanza, kwa hiyo ujue mapema umesimama upande gani.

Humberto Vélez alikuwa Homero, baba wa familia ya Simpson, tangu 1990 hadi 2005, alipotoka kwa sababu ya mgogoro wa kazi kati ya studio na chama cha waigizaji. Mashabiki hawakumsahau, waliendelea kumdai miaka yote mpaka aliporudi. Katika sauti yake tafuta uvivu: maneno yanatoka kama yameketi kwenye kochi.

Eugenio Derbez, Punda wa Shrek mwaka 2001, aliruhusiwa kuyabadilisha maneno yawe ya Kimexico, ndiyo maana utani wake haunuki tafsiri.

Halafu ukae na kazi za mchekeshaji wa Mexico Roberto Gómez Bolaños, Chespirito, hasa kipindi chake cha El Chavo. Hizi hazikuingizwa sauti, zilirekodiwa moja kwa moja kwa Kihispania, lakini hakuna shule bora zaidi ya sauti za wahusika. Carlos Villagrán alimcheza Quico huku amejaza hewa mashavuni. Jaribu sasa hivi hapo ulipo: jaza mashavu, kisha sema "mamá" bila kuiachia hewa yote. Umeisikia? Sauti inakuwa nene, ya mtoto aliyedekezwa, nawe hujafanya lolote kooni. El Chavo analia "pi, pi, pi, pi" na bara zima linajua ni nani. Ramón Valdés, aliyekuwa Don Ramón, alikuwa ndugu wa Tin Tan, msanii aliyempa dubu Baloo sauti ya Kihispania katika filamu ya The Jungle Book ya 1967. Ukiwasikiliza hao ndugu wawili mfululizo, unaanza kusikia jinsi vichekesho vya jukwaani vya Mexico vilivyohamia kwenye katuni.

Kuna sababu sauti hizi zimeingia watu mpaka mifupani. Sheria ya filamu ya Mexico ya 1949 ilizuia filamu za kigeni zilizoingizwa sauti zisionyeshwe sinemani, isipokuwa chache kama za watoto. Tasnia ya kuingiza sauti ikahamia kwenye televisheni, yaani sebuleni. Sauti hizo zililelewa na watu kama sehemu ya nyumba. Machi 2018, vipindi vya mwisho vya Dragon Ball Super vilipotoka, watu walijazana kwenye viwanja vya miji ya Mexico kuvitazama pamoja kwenye skrini kubwa. Ukiigusa sauti kama hiyo, umegusa jamaa ya mtu.

Kila siku ya wiki hiyo chagua sentensi moja, isikilize mara tatu. Mara ya kwanza fuata maneno. Mara ya pili fuata pumzi: inaingia wapi? Mara ya tatu jiulize anayesema ametoka wapi, ana umri gani, na amekula au hajala. Andika majibu kwenye daftari.

Hatua ya 2: Chagua kipande usichoibiwa wala usichoiba

Sekunde 60, wahusika wawili, midomo inayoonekana vizuri. Usianze na pambano lenye milipuko na watu sita wanaopiga kelele kwa pamoja.

Fandabu nyingi hutumia vipande vya kampuni kubwa, na wanaozitengeneza huandika chini kwamba ni kazi ya mashabiki isiyo ya faida. Maneno hayo ni ya adabu tu. Hayakupi haki, na mfumo wa YouTube unaotambua kazi za watu hausomi maelezo yako. Kwa kujifunzia, chukua filamu zilizotolewa kwa leseni huru. Waandaaji wa Blender, programu ya kutengenezea katuni za kompyuta, wana kadhaa, na leseni yake inakuruhusu kubadilisha ili mradi uwataje wenyewe. Sintel ya 2010 ina mazungumzo, kwa hiyo inafaa kujifunzia midomo. Kama unataka kutunga maneno yako mwenyewe, chukua Caminandes, filamu fupi za Koro, lama wa Patagonia, kusini kabisa mwa Amerika, asiyesema neno lolote. Lama ana mdomo unaotembea muda wote, na Patagonia imeshakwambia atasema kwa lafudhi gani.

Hatua ya 3: Mpe mhusika kwao

Kuna Kihispania kiitwacho neutro, ambacho mimi nakiita Kihispania kisicho na kwao. Studio zilikitengeneza ili filamu moja iuzike kuanzia Tijuana hadi Patagonia: maneno ya mtaani yanaondolewa, lafudhi inalainishwa, kila mtu anaelewa na hakuna anayejisikia kwao. Shujaa mkuu mara nyingi husema hivyo. Wahusika wa pembeni ndio huachiwa lafudhi, na hao ndio watu huwakumbuka na kuwaiga. Fandabu haina wa kumuuzia, basi haina haja ya kukificha kijiji cha mhusika.

Hapa mzungumzaji wa Kiswahili ana mtaji mkubwa ambao wengi hawajui kuwa wanao. Irabu za Kihispania ni tano, a, e, i, o, u, na ni zilezile zetu. Mwingereza anateseka miaka kuzinyoosha. Wewe umezaliwa nazo. Mkazo katika maneno mengi huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama kwetu. Ñ ni "ny" ya nyanya. J ni "kh" ya kheri, kwa wale wanaoitamka kheri kama wazee wa pwani. D ikiwa katikati ya irabu inalainika ikawa "dh" ya dhahabu, kwa hiyo "nada" ni "nadha". G nayo inakuwa "gh" ya ghali: "amigo" ni "amigho". Cha kujifunza upya ni rr, ile inayotetema muda mrefu, na kazi hiyo haina njia ya mkato. Rudia "perro, carro, tierra" ukiosha vyombo mpaka ulimi ukubali.

Sasa chagua kwao. Hizi ni alama chache ambazo msikilizaji anazishika mara moja:

- Hispania, sehemu kubwa: c mbele ya e au i, pamoja na z, ni "th" ya thelathini. "Gracias" inakuwa "grathias". Kundi la watu huitwa vosotros.
- Buenos Aires: y na ll ni "sh". "Yo" inakuwa "sho", na wewe ni vos. Wimbo wa sentensi unapanda na kushuka kama wa Kiitaliano, kwa sababu Waitaliano walihamia huko kwa wingi.
- Karibiani na pwani zake, kama Cuba, Puerto Rico na pwani ya Venezuela: s ya mwisho wa silabi inageuka pumzi au inapotea kabisa. Puerto Rico wengi hugeuza r ya mwisho wa silabi kuwa l, "puerta" ikawa "puelta".
- Mexico ya katikati: s inang'ata, na irabu zisizo na mkazo zinamezwa nusu.
- Yucatán: mikato ya kooni, na n ya mwisho inaweza kufunga midomo ikawa m, "pan" ikasikika "pam".

Usichukue zaidi ya alama mbili. Ukizirundika zote mhusika anageuka kikaragosi na wenyeji watahisi unawadhihaki, nao watakuwa na haki. Arvizu alimpenda Cucho na hilo linasikika. Lafudhi yake ni ya mtu unayetaka kukaa naye. Nauliza swali hili kila ninapoanza mhusika mpya: ningeweza kusema hivi mbele ya mama wa mtu wa huko? Kama jibu linasitasita, napunguza.

Hatua ya 4: Andika kwa ajili ya midomo

Hii ndiyo hatua inayotofautisha fandabu inayotazamika na isiyotazamika, na ndiyo ambayo watu huiruka wakakimbilia maiki. Ipe siku tatu.

Midomo hufungana kwenye m, b na p. Mtazamaji hajali sana ulimi unafanya nini ndani, lakini mdomo ukifungwa kwenye skrini na masikioni ikasikika irabu iliyo wazi, macho yake yanagundua ulaghai. Kwa hiyo kabla ya kutafsiri, tazama kipande bila sauti, ukiandika namba ya kila silabi midomo inapofungana.

Chukua mfano huu mdogo. Katuni ya Kiswahili, mtoto anasema: "Mama, nipe pesa." Silabi sita: ma-ma-ni-pe-pe-sa. Midomo inafungana kwenye ya 1, 2, 4 na 5. Tafsiri ya darasani ingekuwa "Mamá, dame dinero", silabi saba, na ile ya 5 imebaki wazi. Hapo ndipo kwao kunapokuja kukuokoa. Mtoto wa Bogotá au Buenos Aires angesema "Mamá, dame plata": ma-má-da-me-pla-ta. Silabi sita, midomo inafungana kwenye 1, 2, 4 na 5, na hata irabu ya mwisho ni a ileile. Mtoto wa Madrid angesema "pasta", na midomo bado inakubali. Wa Mexico neno lake la mtaani ni "lana", ambalo linaacha mdomo wazi mahali pabaya, kwa hiyo yeye mpe "pesos": dame pesos. Irabu ya mwisho si ileile, lakini kufungana kwa midomo kumepatikana na Mmexico yuko nyumbani. Hiyo ndiyo kazi nzima ya hatua hii katika mstari mmoja. Utairudia mara thelathini kwa dakika moja ya filamu.

Angalia pia mkazo. Sisi husema MAma, Kihispania ni maMÁ. Mswahili akirekodi bila kufikiri atasema "mama" ya kwetu, na kwa Kihispania "mama" yenye mkazo mwanzoni ni titi.

Mitego mingine miwili. Kwanza, v ya Kihispania husomwa kama b, kwa hiyo "vamos" mwanzoni mwa sentensi inafunga midomo, na hilo unaweza kulitumia. Lakini b na v zikiwa katikati ya irabu, kama kwenye "lobo", midomo inakaribiana tu bila kugusana. Kama skrini inataka kufungana kabisa, tafuta neno lenye p au m. Pili, Kihispania huunganisha irabu za maneno yanayofuatana. "Va a hablar", ukiihesabu Kiswahili, ni silabi nne. Ukiisema kama wanavyosema ni "va-blar" na kidogo. Sisi tumezoea kuipa kila irabu haki yake, ka-a, ko-o, kwa hiyo mistari yetu huonekana mirefu kwenye karatasi na mifupi mno mwigizaji mwenyeji anapoisoma. Mpe mzungumzaji aisome kwa sauti, upime kwa saa.

Andika maandishi yako kwa alama ambazo studio za Hispania hutumia, zinarahisisha maisha: mkwaju mmoja / kwa kituo kifupi, miwili // kwa kirefu, (OFF) mhusika akiwa nje ya picha, (DE) akiwa ametupa mgongo, (G) kwa kila mguno, pumzi au kicheko. Kisha kata maandishi vipande vidogo. Wao huviita take, na kwa desturi havizidi mistari 10. Fandabu zenye kasoro nyingi nilizozisikia zilikosa (G). Mhusika anapanda ngazi, anaanguka, anainuka, na kimya kitupu.

Hatua ya 5: Tafuta sauti mwilini

Sasa koo, lakini lije mwisho. Anza na mkao. Simama kama mhusika anavyosimama. Mzee aliyeinama atoke kwenye mgongo ulioinama. Kisha uso: midomo mbele kama anayepuliza chai, au imevutwa pembeni kama mwenye tabasamu la uongo. Kisha mahali sauti inapogongea: kifuani, kinywani, puani, utosini. Weka kiganja kifuani ukisema "oro", halafu vidole puani ukisema "niño". Ukiisikia tofauti mkononi utaweza kuirudia kesho, na kuirudia kesho ndiko kunakotakiwa. Sauti inayokutoka mara moja kwa bahati haifai, kwa sababu mstari wa ishirini utarekodiwa siku nyingine.

Kwa Koro wangu nilisukuma taya la chini mbele kidogo na kulizungusha kabla ya kila sentensi, kama anayemalizia kutafuna. Maneno yakaanza kuchelewa yenyewe, s zikalegea, na ghafla akawa mzee wa nyanda za kusini asiye na haraka. Sikugusa koo.

Mkwaruzo wa kooni uepuke mwezi wa kwanza. Ukiuma, acha, maumivu ni koo kukwambia unaumia. Maji ya uvuguvugu, na mistari ya kupiga kelele irekodi mwisho wa siku.

Hatua ya 6: Chumba

Maiki ya bei kubwa ndani ya chumba tupu itarekodi mwangwi wa bei kubwa. Fungua kabati la nguo, ingiza kichwa na simu humo, tundika blanketi nyuma yako. Khanga moja haitoshi. Blanketi zito au godoro ndilo linalomeza sauti. Zima feni na friji. Usiku wangu wa kwanza nilirekodi mistari 12 nikifurahi nayo sana, asubuhi nikasikia feni ya chumba cha jirani chini ya kila neno, ikabidi nianze upya. Tangu hapo narekodi sekunde 30 za kimya kwanza, nasikiliza kimya hicho kwa hedifoni kubwa, ndipo naanza.

Mdomo na maiki viachane shubiri moja, na maiki ikae pembeni kidogo ya njia ya pumzi ili p isilipuke. Hifadhi kama WAV, kHz 48, na kilele cha sauti kikae kati ya desibeli -12 na -6. Programu ya Audacity ni ya bure na inatosha.

Hatua ya 7: Rekodi

Weka picha mbele yako na milio mitatu kabla ya mstari. Unaingia pale ambapo wa nne ungelia. Sauti ya awali iwe sikio moja, kwa chini, mara mbili za kwanza tu. Kisha iondoe, maana ukiendelea kuisikia utaanza kuiiga.

Rekodi kila mstari mara tatu: mara moja kama ulivyopanga, mara moja kwa nusu ya nguvu, mara moja kama mtu anayemwambia mwenzake siri. Utashangaa ni mara ngapi utachagua ya pili. Migu­no na pumzi zirekodi zote kwa mfululizo, ukitazama kipande kizima bila kusema neno.

Kama mko kundi, mmoja awe mwongozaji na neno lake liwe la mwisho. Mwambieni kila mwigizaji atume faili ghafi, bila kusafisha. Kumpata mwenzako wa Lima au Guadalajara si vigumu, fandabu nyingi hutangaza nafasi wazi na kuomba sampuli ya sauti. Tuma mistari miwili, taja una muda kiasi gani, na utimize. Sifa ya anayewasilisha kwa wakati huvuka bahari haraka kuliko sauti nzuri.

Hatua ya 8: Changanya

Kwa ufupi, kwa sababu programu zitakufundisha zaidi. Tenga maneno ya awali na muziki kwa programu ya Demucs au Ultimate Vocal Remover. Zote ni za bure. Zitakula baadhi ya vishindo, kwa hiyo rekodi upya nyayo, milango na nguo. Kata sauti za chini ya Hz 80. Sogeza kila mstari mpaka midomo ikubaliane. Filamu ina fremu 24 kwa sekunde, na kuchelewa fremu mbili tayari kunaonekana kwenye p. Kisha weka mwangwi unaolingana na mahali: pango, jikoni, uwanja. Bila huo mwangwi sauti itaelea juu ya picha kama mafuta. Shusha muziki kidogo kila mtu anaposema, na kiwango cha jumla kiwe karibu LUFS -14 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa YouTube.

Kuhusu mashine

Mashabiki wa Kihispania walicheza na sauti za mashine mapema sana. Loquendo, kampuni ya Turin iliyoanzishwa mwaka 2001 na kununuliwa na Nuance mwaka 2011, ilikuwa na sauti za Kihispania zenye majina ya watu: Jorge wa Hispania, Diego wa Argentina, na wengine. Vijana wasio na maiki, au wenye haya, waliandika maneno na Jorge akayasema, juu ya michezo kama GTA San Andreas, juu ya hadithi za kutisha, juu ya kila kitu. Waliharibu tahajia makusudi ili mashine itamke wanavyotaka. Jorge akawa mhusika: sauti kavu isiyo na hisia, inayosema mambo makubwa kana kwamba inasoma bei za nyanya. Naupenda utamaduni ule, na kama mhusika wako ni mashine, jifunze kwake.

Kunakili sauti ya mtu aliye hai au marehemu kwa akili mnemba ni jambo jingine. Julai 2025 waigizaji wa sauti wa Mexico walikusanyika kwenye Monumento a la Revolución, jijini Mexico, kudai sheria ya kulinda sauti zao. Hao ndio waliotulea. Usimfanye Goku wako kwa kumnyonya Castañeda kwenye programu. Mwige kwa mdomo wako ukitaka, kama mwanafunzi anavyomwiga fundi, na useme wazi kuwa unamwiga.

Hatua ya 9: Ionyeshe kwa mtu mmoja kabla ya watu wote

Taja kila mtu chini ya video: walioitengeneza filamu, leseni yake, aliyeandika, waliosema, aliyechanganya. Weka manukuu ya Kihispania, na ya Kiswahili pia. Ndugu zako watataka kujua lama anasema nini.

Lakini kabla ya kuiweka mtandaoni, mtumie mzungumzaji mmoja wa Kihispania ambaye hakuhusika. Usimwulize kama ni nzuri, atakwambia ni nzuri. Mwulize: huyu ni mtu wa wapi? Nilipomtuma Koro kwa mara ya kwanza nilijibiwa "wa kwenye katuni", nikarudi hatua ya tatu, nikaondoa alama moja ya lafudhi na kumpa vos. Mara ya pili jibu lilikuja kwa sauti, si kwa maandishi. Alisema anamkumbusha babu yake wa Neuquén, kule Patagonia ya Argentina, kisha akamwiga babu huyo dakika nzima, taya mbele, maneno yakichelewa. Nimeihifadhi ile faili. Ndiyo ninayoisikiliza sasa kabla ya kurekodi Koro.